Kifundo cha mguu kinachojipinda kila mara: namna ya kukipima na kukifundisha upya

Swali ni lilelile, hubadilika muulizaji tu. "Nilijitegua mwaka juzi, uvimbe ukaisha, maumivu yakaisha, lakini nikikanyaga kijiwe kidogo mguu unaniponyoka. Nifanyeje?" Mwingine anauliza breisi (kifaa kinachovaliwa kushikilia kifundo) ipi anunue. Mwingine ameambiwa ligamenti, yaani nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, zimelegea na dawa ni kisu tu. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, na vipande havimsaidii mtu. Hapa nimeweka jibu zima kwa mpangilio ninaoufuata mimi: tunapima kwanza, tunaandika, ndipo tunagusa mazoezi.

Wengi hupindua mpangilio huo. Wanaanza na mazoezi waliyoyaona mahali fulani, wanayafanya wiki mbili, wanaacha, na hawawezi kukuambia kama kifundo kilipata nafuu au la, kwa sababu hawakujua kilipoanzia.

Nadharia nitaigusa kidogo tu. Upande wa nje wa kifundo una ligamenti tatu. Ile ya mbele, inayounganisha mfupa mwembamba wa muundi na mfupa wa talasi, ule ulio ndani ya kifundo, ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo huumia kwanza mguu unapojipinda kwa ndani. Lakini ligamenti si kamba tu. Ndani yake mna vipokezi vya neva vinavyouarifu ubongo mguu umekaaje. Mwaka 1965 daktari Mwingereza, Freeman, aliandika kuhusu wagonjwa ambao miguu yao iliwaponyoka ingawa kiungo chenyewe hakikuwa kimelegea. Akadai kuwa kilichoharibika ni taarifa zinazotoka kwenye kiungo. Tangu hapo watafiti wametofautisha ulegevu wa kiungo chenyewe na udhaifu wa kukidhibiti. Unaweza kuwa na kimojawapo, au vyote viwili. Wapo pia watu wenye ligamenti zilizolegea kabisa ambao hawajui hata kuwa wana tatizo, wanacheza na kukimbia kama kawaida. Ndiyo maana picha ya MRI peke yake haiwezi kukuambia kama unahitaji tiba.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu waliojitegua kifundo kwa mara ya kwanza. Baada ya miezi 12, karibu asilimia 40 walikuwa na kifundo kisicho imara. Dalili moja ya mapema ilikuwa kushindwa kufanya majaribio ya kuruka na kutua wiki 2 tu baada ya kuumia.

Kabla ya kuanza

Tafuta vitu hivi:

- tepu ya kupimia
- ukuta ulio wazi na sakafu isiyoteleza
- chaki au tepu ya kubandika sakafuni
- saa au simu inayohesabu sekunde
- mpira wa kuvuta wa mazoezi, ule mkanda unaonyumbulika
- mpira mdogo wa kurusha na kubingirisha
- taulo nene iliyokunjwa, au kipande cha povu gumu
- kiti imara au meza ya kushika ukiyumba
- daftari

Ule ubao wa duara unaoyumba ni mzuri ukiwa nao, lakini si lazima. Usichelewe kuanza kwa ajili yake. Daftari ndilo la lazima.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye jeraha lake la mwisho limepita miezi kadhaa na anatembea bila kuchechemea. Usijifanyie mwenyewe kama una ganzi miguuni, kisukari kilichoathiri neva, kizunguzungu cha mara kwa mara, au umefanyiwa upasuaji wa mguu karibuni. Wewe anza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Hatua ya 1: Kama umejitegua tena karibuni, ondoa kwanza shaka ya mfupa

Tangu mwaka 1992 madaktari wa dharura wanatumia kanuni za Ottawa kuamua nani anahitaji eksirei. Ni rahisi kukumbuka. Bonyeza kwa kidole sehemu nne: ukingo wa nyuma na ncha ya nundu ya nje ya kifundo (sentimita 6 za mwisho za mfupa huo), kisha hivyohivyo kwenye nundu ya ndani, kisha mzizi wa mfupa wa kidole kidogo, ile nundu ndogo katikati ya ukingo wa nje wa mguu, mwisho, mfupa wa navikula, ulio upande wa ndani, mbele kidogo ya nundu ya ndani. Mfupa ukiuma unapobonyezwa, au ukashindwa kupiga hatua 4 mara tu baada ya kuumia na pia wakati wa kuchunguzwa, nenda kapige eksirei. Kuchechemea hatua nne kunahesabika kuwa umeweza.

Kama umeumia leo na unataka kujua hali ya ligamenti, usikasirike ukiambiwa urudi baada ya siku chache. Uchunguzi wa mikono unaofanywa siku ya 4 au ya 5 huaminika zaidi kuliko wa saa 48 za mwanzo, maana uvimbe na maumivu huwa vimepungua na kiungo kinaweza kusogezwa.

Hatua ya 2: Andika historia ya kifundo chako

Mwaka 2013 jopo la kimataifa la watafiti wa kifundo lilikubaliana vigezo vya nani ahesabiwe kuwa na tatizo sugu. Vilitungwa kwa ajili ya kuchagua washiriki wa utafiti, lakini mimi huvitumia kila siku. Jibu kwa tarehe, au angalau kwa makadirio ya mwezi:

- Je, jeraha la kwanza kubwa lilitokea angalau miezi 12 iliyopita, likavimba na kuuma, na likakukosesha shughuli zako walau siku moja?
- Je, jeraha la karibuni zaidi limepita miezi 3?
- Je, katika miezi 6 iliyopita mguu umekuponyoka mara 2 au zaidi, hata kama hukuumia?
- Je, umejitegua kifundo hichohicho mara 2 au zaidi?
- Je, unahisi hukiamini kwenye ngazi, kwenye ardhi yenye mashimo, au unapogeuka ghafla?

Maswali mawili ya kwanza ni ya kuweka msingi. Kati ya matatu yanayofuata, "ndiyo" hata moja inatosha kuendelea na hatua ya 3.

Angalizo: watu hawahesabu zile mara ambazo mguu ulipinda kidogo wakajiokoa. Zihesabu. Kwa mtu mwenye tatizo hili, hizo ndizo habari zenyewe.

Hatua ya 3: Jaza dodoso

Lipo dodoso la Cumberland, maarufu kwa kifupi chake CAIT, lililotoka Australia mwaka 2006. Lina maswali 9 kuhusu maumivu, kutembea, kukimbia, kushuka ngazi, kusimama kwa mguu mmoja na mengineyo. Kila mguu unapewa alama zake, kuanzia 0 hadi 30. Alama 30 ni kifundo imara kabisa. Jopo nililolitaja liliweka mpaka kwenye 24: ukipata 24 au chini, kifundo kinahesabiwa si imara.

Lijaze peke yako bila mtu wa kukuharakisha, na uandike tarehe. Utalijaza tena baada ya wiki 4 na wiki 8.

Hatua ya 4: Pima miguu yote miwili

Hapa ndipo nataka utumie muda. Vua viatu. Anza na mguu mzima kila mara, ili ujifunze kipimo kabla ya kufika kwenye mguu wenye shida. Kila kipimo kifanye mara 3 na uchukue namba bora.

a) Goti kwa ukuta. Simama ukitazama ukuta, kidole gumba kikigusa ukuta. Piga goti mbele liguse ukuta bila kuinua kisigino. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi ufike mahali pa mwisho ambapo goti bado linagusa na kisigino bado kimekaa chini. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Kila sentimita ni sawa na takriban nyuzi 3.6 za mkunjo. Tofauti ya nusu sentimita kati ya miguu si hoja. Ikifika sentimita 2, umepata jambo la kushughulikia.

Kosa la kawaida ni kuacha goti lianguke kwa ndani na tao la unyayo kulala. Unapata namba nzuri ya uongo. Goti lielekee kidole cha pili.

b) Kusimama kwa mguu mmoja. Mikono kiunoni, mguu mwingine umekunjwa bila kugusana na ule uliosimama. Simama sekunde 30 macho yakiwa wazi, kisha sekunde 30 ukiwa umefumba macho. Hesabu makosa: mkono kutoka kiunoni, mguu kugusa chini, macho kufumbuka, unyayo kuhama au kuinuka.

Usiruke sehemu ya kufumba macho. Tafiti zinaonyesha kuwa wenye tatizo hili hutegemea macho kuliko wengine wanaposimama kwa mguu mmoja, kama vile macho yameajiriwa kazi ya kifundo. Macho yakiwa wazi unaweza kuonekana mzima. Ukiyafumba ukweli unatoka.

c) Kufikia pande tatu. Chora sakafuni mstari mmoja kwenda mbele, na miwili kwenda nyuma, mmoja kila upande, kama herufi Y iliyogeuzwa. Kati ya mstari wa mbele na kila mstari wa nyuma iwe nyuzi 135. Simama kwa mguu mmoja katikati, mikono kiunoni. Kwa mguu mwingine fikia mbali uwezavyo kwenye kila mstari, gusa kwa upole bila kuweka uzito, urudi katikati bila kuanguka. Pima. Ukiegemea mguu unaofikia, rudia.

Pima pia urefu wa mguu, ukiwa umelala chali: kutoka kwenye mfupa uliochomoza mbele ya nyonga hadi nundu ya ndani ya kifundo. Gawanya umbali uliofikia kwa urefu wa mguu, zidisha kwa 100. Tuseme mguu una sentimita 88. Ukisimama kwa mguu mzima unafikia 66 mbele, yaani asilimia 75. Ukisimama kwa ule wenye shida unafikia 60, yaani asilimia 68. Tofauti hapo ni sentimita 6. Utafiti wa mwaka 2006 kwa wanafunzi wa sekondari wanaocheza mpira wa kikapu Marekani ulikuta kuwa wenye tofauti ya zaidi ya sentimita 4 upande wa mbele walikuwa na uwezekano mara 2.5 wa kuumia mguu msimu huo. Si unabii, ila namba ya namna hiyo haipuuzwi.

Ukiona upande wa mbele ndio mbovu kuliko wa nyuma, rudi kutazama kipimo cha goti kwa ukuta. Mara nyingi vinakwenda pamoja, kwa sababu kifundo kisichokunjika hakiwezi kukupeleka chini.

d) Kuinua kisigino. Simama kwa mguu mmoja, vidole viwili tu vikigusa ukuta. Inuka hadi juu kabisa, shuka taratibu, hesabu. Simamisha hesabu ukianza kukunja goti au urefu ukipungua. Linganisha miguu.

Jihadhari na jambo moja. Mguu ule mwingine si kioo kisicho na doa. Imeonekana kwamba udhibiti unaweza kupungua miguu yote miwili baada ya kuumia mmoja. Kwa hiyo miguu kufanana hakutoshi. Makosa 12 kulia na 12 kushoto bado ni makosa 12.

Hatua ya 5: Ulegevu upimwe na mtu mwenye ujuzi

Kipimo cha ligamenti ya mbele hufanywa kwa kushika muundi kwa mkono mmoja, kisigino kwa mwingine, mguu ukiwa umeelekezwa chini kidogo, kisha kisigino kinavutwa mbele. Kipo pia cha kuinamisha talasi kwa ndani. Usijaribu mwenyewe wala kumpa rafiki akuvute. Misuli ikikaza kwa woga kipimo kinaonyesha kiungo ni kizima, na ukivutwa vibaya unaumia. Nenda kwa fiziotherapisti au daktari wa mifupa, mpe daftari lako, umwombe aandike alichokiona kwa kila mguu.

Majibu ya hapa hayakuzuii kuanza hatua inayofuata. Hata kiungo kilicholegea huanziwa mazoezi.

Hatua ya 6: Rudisha mkunjo kwanza

Kama tofauti ya goti kwa ukuta ni ndogo, pita.

Kama ipo, kila siku nyosha kigimbi ukiegemea ukuta: sekunde 30 mara 3 goti likiwa limenyooka, na sekunde 30 mara 3 goti likiwa limekunjwa kidogo. Halafu fanya kilekile kipimo cha goti kwa ukuta kama zoezi, mara 10 hadi 15 kwa mizunguko 3, ukisukuma goti mbele polepole. Kuvutika nyuma kwenye kigimbi ni sawa. Ukihisi kubanwa mbele ya kiungo, kama mlango uliokwama, kunyosha zaidi hakutasaidia. Hapo talasi inahitaji kusogezwa kwa mikono ya mtaalamu, na tafiti zimeonyesha kuwa kusogezwa huko huongeza mkunjo kwa wenye tatizo sugu.

Kabla ya mazoezi ya kusimama, sugua unyayo kwa mikono au kwa kubingirisha mpira mdogo, dakika 5. Nilikuwa nikilidharau hili. Lakini limechunguzwa, na imeonekana linaweza kuboresha kusimama kwa mguu mmoja, pengine kwa kuamsha hisi za unyayo. Halina gharama, basi lifanye.

Hatua ya 7: Jenga nguvu, usiisahau nyonga

Funga mpira wa kuvuta kwenye mguu wa meza, uzungushe upande wa nje wa unyayo, geuza unyayo kwa nje dhidi ya mpira. Rudi polepole, uhesabu hadi 3. Mizunguko 3 ya mara 10. Kisha geuza kwa ndani, kisha vuta juu. Misuli ya peroneo, iliyo upande wa nje wa muundi, ndiyo mlinzi wa kifundo kinapoanza kupinda, na kurudi polepole ndiko kunakoifundisha kazi hiyo. Wengi huuachia mpira urudi wenyewe kwa kishindo, wakapoteza nusu ya zoezi.

Ongeza kuinua visigino: miguu miwili, kisha miwili kupanda na mmoja kushuka, kisha mmoja mmoja.

Nyonga nayo. Wenye kifundo kisicho imara mara nyingi hukutwa na udhaifu wa misuli ya kando ya nyonga. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka na kisigino kikielekea nyuma kidogo. Mara 10, mizunguko 3. Nguvu fanya siku 3 kwa wiki.

Hatua ya 8: Fundisha mguu kusimama

Hili ndilo kiini cha kazi. Ukiwa na muda wa jambo moja tu, fanya hili.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uholanzi uliohusisha wanamichezo 522 waliotoka kujitegua. Nusu walipewa, pamoja na tiba yao ya kawaida, mazoezi ya msawazo, yaani ya kusimama bila kuyumba, ya kufanyia nyumbani bila msimamizi: mara 3 kwa wiki, yasiyozidi dakika 30, kwa wiki 8. Katika mwaka uliofuata, asilimia 22 ya waliofanya mazoezi walijitegua tena, dhidi ya asilimia 33 ya wasiofanya. Nyumbani, bila mashine. Kipimo chako kiwe hichohicho: siku 3, wiki 8.

Panda ngazi hizi kwa mguu wenye shida, kila zoezi sekunde 30, mara 3:

1. Sakafuni, macho wazi.
2. Sakafuni, macho wazi, ukigeuza kichwa kulia na kushoto.
3. Sakafuni, macho yamefumbwa.
4. Juu ya taulo iliyokunjwa, macho wazi, ukirusha na kudaka mpira.
5. Juu ya taulo, macho yamefumbwa, kiti kikiwa karibu.
6. Kufikia pande tatu, kama kwenye kipimo, mara 5 kila upande.

Panda ngazi pale tu utakapomaliza mara zote 3 ukiwa na kosa moja au bila kosa. Kama ngazi ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kupiga gumzo kwenye simu, umechelewa kupanda. Kama unaanguka kila sekunde 5, umeharakisha. Kuyumba kidogo na kujiokoa ndiko tunakokutafuta.

Na uangalie akili yako iko wapi. Ukijiambia "kaza kifundo, kaza kifundo", unayumba zaidi. Ukielekeza fikra nje ya mwili, mathalani taulo isitikisike, unajifunza vizuri zaidi. Hili lilijaribiwa kwa watu waliojitegua, na wale walioambiwa wautazame utulivu wa ubao badala ya miguu yao walifanya vizuri zaidi.

Hatua ya 9: Kuruka na kutua

Usifike hapa kabla ya kumaliza ngazi ya 3 hapo juu na kuinua kisigino kwa mguu mmoja bila maumivu.

Anza kwa kuruka mbele kwa miguu miwili na kutua kwa miguu miwili, kimya kimya. Sauti ya kutua ni mwalimu mzuri. Kisha ruka kwa miwili, tua kwa mmoja, ukae sekunde 3 bila kuhama. Kisha ruka na utue kwa mguu mmoja: mbele, kando, nyuma, kwa mshazari. Goti lifuate vidole. Mara 5 kila upande zinatosha mwanzoni. Uchovu ukiingia, acha, kwa sababu mguu uliochoka unajifunza kutua vibaya.

Wiki za mwisho jipime: weka mistari miwili yenye sentimita 30 kati yake, ruka kando kwa mguu mmoja kwenda na kurudi mara 10 haraka uwezavyo. Andika sekunde za kila mguu, na andika pia kama ulihisi mguu unakuponyoka. Muda mzuri wenye hisia mbaya si kufaulu.

Hatua ya 10: Kurudi mchezoni

Rudia vipimo vyote vya hatua ya 3 na ya 4. Mambo ninayoyatazama ni matano: maumivu, mkunjo na nguvu ya kifundo, unavyojiamini, udhibiti wa mwili, na kama umemaliza zoezi zima la timu. Kalenda sitazami sana.

Breisi ivae. Najua umesikia inadhoofisha misuli. Hofu hiyo haijathibitishwa. Katika utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2014, waliovaa breisi michezoni kwa miezi 12 walijitegua mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya wiki 8 peke yake, ingawa ukali wa majeraha yaliyotokea haukupungua. Mimi nashauri vyote viwili: mazoezi ya kukifundisha kifundo, breisi ya kukilinda kinapojifunza. Tepu nayo inafaa, ila hulegea mchezo ukiendelea, na inahitaji mtu anayejua kuifunga.

Mambo yakienda mrama

Kifundo kinavimba baada ya mazoezi. Kama uvimbe umeisha kesho yake, endelea bila kuongeza. Kama umebaki zaidi ya saa 24, rudi ngazi moja nyuma, na acha kuruka wiki hiyo.

Wiki 4 zimepita, namba hazijasogea. Fungua daftari uhesabu siku ulizofanya kweli, si ulizokusudia. Kama zilikuwa 12, tazama mkunjo: mara nyingi msawazo hukwama kwa sababu kiungo hakikunjiki.

Maumivu ya ndani kabisa, au kiungo kinakwama au kugonga. Huenda gegedu na mfupa wa talasi vimeumia. Hapa MRI ina maana. Nenda kwa daktari wa mifupa.

Maumivu nyuma ya nundu ya nje, au unahisi kitu kikiruka juu ya mfupa. Wasiwasi wangu ni kano za peroneo. Acha mpira wa kuvuta hadi uchunguzwe.

Maumivu juu ya kifundo, mbele, kati ya mifupa miwili ya muundi, yanayozidi mguu ukigeuzwa nje. Hilo ni jeraha jingine, la ligamenti zinazoshika mifupa hiyo pamoja, na lina njia yake. Usiendelee na ratiba hii.

Ganzi au kuungua juu ya mguu. Neva inaweza kuwa ilivutwa siku ulipojitegua. Mwambie mtaalamu, maana watu hulisahau kwa kudhani ni sehemu ya uvimbe.

Namba zote nzuri, lakini bado naogopa. Woga huu ni halali na haupimwi kwa tepu. Tafuta kile hasa unachokiogopa, iwe kushuka ngazi au kutua karibu na mtu mwingine, ukifanye zoezi: polepole, kisha haraka, kisha mtu mwingine akiwepo.

Nimefanya yote, miezi 6, na bado mguu unaniponyoka. Baada ya miezi 3 hadi 6 ya mazoezi ya kweli, na kiungo kimethibitika kimelegea, zungumza na daktari wa upasuaji. Njia inayotumika sana ni ya Broström, ya mwaka 1966, ambapo ligamenti zenyewe hukazwa na kushonwa upya. Gould aliiongezea uimara mwaka 1980. Nenda na daftari, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa ulifanya mazoezi gani na kwa muda gani. Tunza pia zile namba za mguu mzima. Nyuzi zinakaza ligamenti, hazifundishi msawazo, kwa hiyo baada ya upasuaji mtaalamu atakurudisha kwenye hatua ya 6, na namba hizo ndizo mtakazokuwa mnazikimbilia.